Mzungu wa Pili: Karata Kama Ushahidi wa Historia, kutoka Nagasaki hadi Kisimayu

Neno karata la Kiswahili na neno karuta la Kijapani ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yametokana na carta ya Kireno, na yote mawili yalishuka kutoka merikebu za taifa lilelile, moja katika pwani yetu na jingine katika bandari za kusini mwa Japani. Niliutambua undugu huo kwa njia ambayo haina heshima kubwa katika idara ya historia: nilikuwa nikisoma hadithi ya picha. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa meza ya karata ni nyaraka halali ya historia, na kwamba kwa watu wa visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kisimayu nyaraka ya namna hiyo ina uzito kuliko tunavyoweza kudhani. Lakini sina budi kuanza na Japani.

Hadithi yenyewe ni Chihayafuru ya mwandishi Yuki Suetsugu, iliyochapishwa kwa sehemu kuanzia 2007 hadi 2022 na kufikia vitabu 50. Inamhusu msichana wa shule, Chihaya, anayetaka kuwa bingwa wa karuta ya mashairi. Mpinzani wake mkubwa ni Wakamiya Shinobu wa Kyoto, ambaye amekuwa malkia wa mchezo huo angali mdogo kuliko yeyote kabla yake. Shinobu ni mtu wa kubuni, na kwa maoni yangu ndiye aliyechorwa vizuri zaidi katika hadithi nzima. Hana kelele. Wapinzani wengine wanapochukua karata hupiga mkeka kwa kiganja hadi karata zikatawanyika, ilhali yeye huigusa ile moja tu anayoitaka, kwa ncha ya kidole. Alipokuwa mtoto walimu walimtenga na wenzake ili asizoee kuwahurumia, akabaki kuzifanya karata ndizo marafiki. Chihaya anapokutana naye mara ya kwanza anashindwa vibaya sana, na kuanzia hapo kila anachojifunza anajifunza kwa sababu ya Shinobu.

Mchezo unahitaji maelezo, maana si karata kama tunavyozijua barazani. Katika karne ya 13 mshairi Fujiwara no Teika alikusanya mashairi 100 ya washairi 100, shairi moja kwa kila mmoja, kila shairi likiwa na mizani 31 katika vipande vitano. Katika mashindano, karata 50 hutandikwa juu ya mkeka, 25 kwa kila mchezaji, na juu ya kila moja pameandikwa vipande viwili vya mwisho vya shairi. Msomaji huanza kughani shairi kutoka mwanzo, na mshindi ni yule anayeigusa karata yenye mwisho wake kabla ya mwenzake. Kwa hiyo ni lazima mashairi yote 100 yawe kichwani. Yako mashairi saba ambayo mchezaji huyatambua kwa silabi ya kwanza peke yake, kwa kuwa hakuna shairi jingine linaloanza kwa silabi hiyo. Na kwa vile nusu ya mashairi hayamo mkekani, msomaji anaweza kusoma shairi ambalo karata yake haipo, na anayekurupuka akagusa huadhibiwa. Kanuni za mashindano ya namna hii ziliwekwa mwaka 1904 na mwanahabari Kuroiwa Ruikō.

Nani aliyeweka mashairi juu ya karata? Zamani mabibi wa ikulu ya Japani walikuwa na mchezo wa kulinganisha maganda ya chaza: kila ganda lina nusu mbili ambazo hazikubaliani na nusu za ganda lingine lolote. Baadaye nusu hizo zikachorwa picha, kisha zikaandikwa mashairi, mwanzo upande mmoja na mwisho upande wa pili. Wareno walipofika Tanegashima mwaka 1543, na baadaye walipoanza kufanya biashara Nagasaki kuanzia 1571, walileta karata zao za makaratasi magumu. Mchezo wa maganda ukahamia kwenye karatasi, na jina la Kireno likabaki. Kwa hiyo mchezo anaocheza Shinobu, ambao leo huonekana kuwa ni wa Kijapani hadi kwenye kucha, una ganda la baharini upande mmoja na baharia wa Lisbon upande wa pili.

Wajapani hawakuishia hapo. Katika miaka ya Tenshō, yaani 1573 hadi 1592, mafundi wao walianza kutengeneza karata za kuiga zile za Wareno: karata 48, aina nne, ree zenye picha ya joka, na mahali pa mtumishi wa mfalme palichorwa mwanamke, sota. Wareno walipofukuzwa mwaka 1639, karata hazikuondoka nao. Serikali ya Tokugawa ilizipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya kamari, na kila marufuku wachezaji walibadilisha picha ili zisitambulike. (Kampuni ya Nintendo, ambayo vijana tunaijua kwa michezo ya kompyuta, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kutengeneza karata za maua zilizotokana na mchezo huo wa kujificha.) Hata hivyo katika mji wa Hitoyoshi, mkoa wa Kumamoto, umebaki mchezo uitwao unsun karuta, wenye karata 75 na aina tano. Aina nne kati ya hizo huitwa pao, isu, kotsu na oru.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini. Pao, isu, kotsu, oru. Sisi tunasema pau, shupaza, kopa, uru. Kireno ni paus, espadas, copas, ouros: marungu, panga, vikombe, dhahabu. Watu wa Hitoyoshi na watu wa pwani yetu hawajawahi kukaa jamvi moja, lakini kila upande umehifadhi maneno manne yaleyale ya mabaharia walewale, kila mmoja kwa matamshi ya kinywa chake.

Nilijifunza karata kwa baba mkubwa, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, ambaye alifika Mombasa na jamaa zake baada ya vita vya 1991 na kukaa kwanza katika kambi ya wakimbizi. Mchezo wake ulikuwa mmoja tu, ule ambao jina lake ni hesabu ya Kiarabu, wahedi u sitini, yaani sitini na moja. Wanacheza wanne, wawili kwa wawili wakitazamana, na kukonyezana ni haramu ambayo kila mtu anaitenda. Hesabu yake ni hii: ree ni kumi na moja, seti ni kumi, mzungu wa nne ni nne, mzungu wa tatu ni tatu, mzungu wa pili ni mbili, na zilizobaki ni takataka. Kwa kila aina ni thelathini, kwa aina zote nne ni mia na ishirini. Anayepata sitini hajashinda, anayepata sitini na moja ameshinda. Baba mkubwa alikuwa akizikumbuka karata zote zilizokwisha kuliwa, na aliyekuwa hazikumbuki alimwona kama mtu aliyekuja barazani kupunga upepo.

Sasa tuchunguze jedwali hilo kama tunavyochunguza hati yoyote. Wazungu watatu ni zile karata zenye picha za watu. Wazee wetu waliziona picha za watu wenye taji na mavazi ya kigeni, wakaziita Wazungu, wakawapa namba kwa kufuata thamani yao. Lakini nani ni nani? Mzungu wa nne ni mfalme. Mzungu wa tatu ni kijana, mtumishi wa mfalme. Mzungu wa pili, wa chini kabisa, ni bibi, yaani malkia.

Katika karata za Kiingereza malkia yuko juu ya kijana, na hilo halina ubishi. Kama mchezo huu tungeufundishwa na Waingereza, bibi angekuwa wa tatu. Kwa Wareno sivyo. Katika karata zao za kale mwanamke aliyechorwa alikuwa ni sota, aliyeshika cheo cha chini kuliko picha zote, na juu yake alikuwa mpanda farasi. Walipoanza kutumia karata za Kifaransa zenye malkia, walimweka mwanamke huyo mpya katika nafasi ya yule wa zamani. Hata leo katika michezo ya Wareno kama sueca na bisca malkia ana mbili, kijana ana tatu, mfalme ana nne. Kwa hiyo mzungu wetu wa pili ni jamaa wa sota, na sota ni yuleyule mwanamke ambaye mafundi wa Japani walimchora katika karata za Tenshō. Wareno waliuacha mtindo ule wa michoro ya majoka na sota. Wajapani waliubakiza katika picha, na sisi tumebakiza cheo chake katika hesabu.

Kuna anayeweza kusema: Kisimayu na visiwa vyake vilitawaliwa na Waitalia, na Waitalia ni watu wa karata, kwa nini usiseme ni wao? Hoja hiyo ni nzuri na inastahili jibu. Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925, na Waitalia walikaa huko hadi 1941. Mchezo wao wa briscola unafanana na wetu kwa mengi: jumla ni mia na ishirini, sitini na moja inashinda, ree ni kumi na moja, na picha tatu zina nne, tatu na mbili. Lakini karata ya pili kwa ukubwa, yenye thamani ya kumi, kwa Waitalia ni ile ya tatu. Kwa Wareno ni ya saba. Na kwetu ni ya saba, tena bado tunaiita kwa namba ya Kireno, seti, ilhali saba tunayo ya Kiarabu tangu zamani na tunaitumia kuhesabu kila kitu kingine. Neno moja dogo linatosha kumtoa Mwitalia mezani. Turufu nayo inakwenda upande huohuo: ni trunfo ya Wareno, wala haina uhusiano na briscola.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Maneno haya yanaweza kuwa hayakuja na Wareno wa karne ya 16 bali na Wagoa, raia wa koloni la Ureno, ambao walifanya kazi Unguja na Mombasa katika karne ya 19. Kopa maana yake ni kikombe, lakini karata tunayoiita kopa ina picha ya moyo. Wareno nao huita moyo copas, kwa hiyo jina halituelezi kama lilifika wakati vikombe vingali vikichorwa au baada yake. Wapo wanaopenda kuruka hapa na kuandika kwamba karata zilishuka pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498. Mimi sioni haja. Neno hutuonyesha tabaka kabla ya kutuonyesha tarehe. Tabaka la Kireno katika Kiswahili linajulikana: meza, gereza, bendera, leso, foronya, parafujo, mvinyo. Ni maneno ya ngome, ya merikebu na ya nyumba, na maneno ya karata yanakaa humo bila kusukumwa. Nikilazimishwa kuchagua, nitawachagua mabaharia na askari wa ngome, kwa kuwa njia ya merikebu ilikuwa moja: Lisbon, Msumbiji, Goa, Malaka, Makau, Nagasaki. Aliyecheza karata Nagasaki alikuwa amepita bahari yetu.

Tusidhani mapito hayo yalikuwa ya amani. Watu wa kaskazini waliwajua Wareno kwa moto. Barawa ilishambuliwa na kuporwa mwanzoni mwa karne ya 16. Faza, mji wa Watikuu, yaani Wabajuni, katika kisiwa cha Pate, ulimuunga mkono Mturuki Mir Ali Bey, na mwezi Januari 1587 kikosi kutoka Goa kikauteketeza, kikaua watu wake na kukata minazi yao. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, nao waliipoteza mwaka 1698. Hivyo yule mzungu wa kwenye karata hakuwa mgeni wa kupendeza. Inanivutia kwamba wachezaji wetu walimkubali kwenye jamvi kwa namba tu, bila cheo: hakuna mfalme wala malkia katika msamiati huu, wapo Wazungu wa nne, wa tatu na wa pili, na wote watatu wanaliwa na seti.

Nirudi kwa Shinobu. Kinachonigusa katika hadithi yake ni kwamba mpinzani ndiye mlinzi wa kumbukumbu. Mashairi 100 ya Teika hayakubaki hai vinywani mwa vijana wa Japani kwa sababu ya maktaba pekee. Yalibaki pia kwa sababu mtu akisahau moja, aliye mbele yake atalichukua. Pwani yetu inaujua utaratibu huo bila karata. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vita vya Lamu, Pate na Mombasa, washairi wa miji hiyo walipelekeana mashairi ya kejeli na vitisho, Muyaka wa Mombasa upande mmoja na Zahidi Mngumi wa Lamu upande wa pili. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichotoka 1995. Shairi la hasimu lilibidi likaririwe ili lijibiwe, la sivyo jibu lisingekuwa na pa kusimama. Mngumi amehifadhiwa kwa sehemu na watu waliomchukia.

Kwa nini basi haya yawe na uzito kwa Wabajuni hasa? Visiwa vyao, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vidogo vingine, vimepangana kama shanga kutoka Kisimayu hadi Ras Kiamboni, na upande wa pili wa mpaka wapo jamaa zao wa Kiwayu, Faza na Lamu. Jina Kisimayu lenyewe husomeka kwa Kiswahili cha kaskazini: kisima yuu, kisima cha juu. Mpaka wa 1925 uliwakata watu hawa vipande viwili kwa sababu ya ahadi ambayo Uingereza iliipa Italia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wao hawakuulizwa. Waliendelea kuoana, kuvua na kusafirisha boriti kama zamani. Kisha dola ya Somalia ikaanguka 1991, visiwa vikavamiwa na kuporwa, na wengi wakakimbilia Kenya, na wengine Ulaya.

Huko Ulaya wamekutana na mpinzani wa aina nyingine. Mtu anayeomba hifadhi nchini Uingereza kwa kuwa ni Mbajuni wa Somalia huulizwa majina ya visiwa, ya samaki na ya koo, na sauti yake huweza kurekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi wa lugha ili waseme kama ni ya Somalia au ya Kenya. Mwaka 2010 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa uamuzi katika kesi ya mwombaji aliyesema ni Mbajuni, na uchambuzi wa namna hiyo ukapewa uzito mkubwa dhidi yake. Sina la kusema juu ya mwombaji yule. Ninachosema ni juu ya mbinu. Inachukulia kwamba mstari uliochorwa 1925 unapita pia ndani ya kinywa cha mtu.

Meza ya karata inaonyesha vingine. Baba mkubwa husema chachu pale ambapo Kiswahili sanifu kinasema tatu, kama Wabajuni wote, kwa hiyo mzungu wa tatu kwake ni wa chachu. Sauti hiyo ya ch ni ya Kibajuni, inasikika Faza kama inavyosikika Chula. Hesabu ni ya Kireno, jina la mchezo ni la Kiarabu, na mwaka 1925 haujaacha alama yoyote: hakuna neno la Kiitaliano kaskazini wala la Kiingereza kusini. Mchambuzi angemsikiliza akicheza kwa usiku mzima asingeweza kuupata mpaka, kwa kuwa mpaka haumo. Angepata tu kwamba mzee huyu ni mtu wa pwani ya kaskazini, kutoka jamii iliyokuwapo kabla ya Italia, kabla ya Uingereza, na kabla ya Somalia na Kenya kuwa majina ya nchi.

Wasomali wa Kisimayu karata huziita turub. Namna neno hilo lilivyofika kwao, na kama lina udugu na turufu yetu, ni kazi ya mtu anayekijua Kisomali vizuri kuliko mimi. Kwa upande wangu nimeanza kuandika maneno ya baba mkubwa katika daftari, pamoja na yale ya matusi ambayo hutolewa mtu anapokula seti kwa ree, na nimeona kwamba anayakumbuka vizuri zaidi akiwa na karata mkononi, mbele yake ameketi mzee wa Koyama ambaye hajamshinda tangu kambini.